"Kitabu kinasema bofya hapa, na hapo hapana kitu": kutatua matatizo ya vitabu vya kujifunzia kuhariri picha

Karibu kila wiki mtu hupanda ngazi za studio yangu hapa katikati ya Nairobi, kitabu kwapani, laptopu mgongoni, akaniuliza swali lilelile: "Mwalimu, kwani kichwa changu ni kizito?" Naomba kitabu, naomba laptopu, naviweka ubavu kwa ubavu. Mara nyingi hata chai haijapoa tumeshaona kwamba kichwa chake ni kizima kabisa. Kitabu kinazungumzia programu moja, laptopu ina nyingine. Nimewajua vijana waliouza kamera zao kwa kosa hilo, na linaniuma, kwa maana wangeligundua kwa dakika mbili.

Dalili zifuatazo nimeziandika kama wanavyozieleza wenyewe. Katika kila dalili anza na ukaguzi mwepesi, kisha sababu inayotokea zaidi, halafu zile za nadra. Usinunue kitabu kingine kabla hujafika mwisho wa dalili yako.

"Kitufe anachokitaja mwandishi sikioni"

Kabla ya kukilaumu kitabu, bonyeza Tab mara moja. Katika Photoshop na GIMP, programu mbili za kuhariri picha, kitufe hicho huficha na kurudisha paneli. Kidole kikikigusa bila wewe kujua, nusu ya skrini hutoweka. Kwenye Photoshop ingia pia menyu ya Window, kisha Workspace, urejeshe mpangilio wa Essentials. Ikiwa bado hukioni, endelea.

Sababu inayozizidi zote ni toleo. Fungua menyu ya Help kwenye programu yako, ingia About, uandike namba ya toleo kwenye karatasi. Sasa fungua kitabu nyuma ya ukurasa wa jina, pale penye maandishi madogo ya hakimiliki, utazame mwaka. Jalada lisikutoshe, kwa sababu jalada linaweza kusema "Photoshop" kwa herufi kubwa bila kusema ya lini. Photoshop CS6 ilitoka mwaka 2012 na ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Tangu 2013 matoleo mapya ni ya kulipia kwa kipindi, nayo hubadilika kila mwaka. GIMP, ambayo ni ya bure, ilitoa toleo 2.8 mwaka 2012, 2.10 mwaka 2018, na 3.0 mwezi Machi 2025. Kitabu cha kabla ya 2.8 kitakuonyesha madirisha yanayoelea kila moja peke yake. Ukifungua GIMP ya leo utaona dirisha moja, na zana kadhaa zimekunjwa chini ya alama moja. Bonyeza alama hiyo ushikilie, zilizojificha zitajitokeza.

Tofauti ya mwaka mmoja au miwili isikukoseshe usingizi. Matabaka yaliingia Photoshop mwaka 1994, na hadi leo kazi yake ni ileile: kuweka kitu juu ya kingine bila kuharibu cha chini. Kinachohama ni vitufe. Lakini anayeanza kabisa hawezi bado kutofautisha msingi na kitufe, ndiyo maana simshauri achukue kitabu kilichozidiwa na programu yake kwa zaidi ya miaka mitano hivi. Mwenye uzoefu wa mwaka mmoja anaweza kukisoma hata cha zamani na akafaidika sana.

Sababu ya pili ni majina yanayofanana. Niliwahi kuinama kwenye vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara ya Tom Mboya, nikainua kimoja kizito chenye picha nzuri.

"Kaka, hii ni Photoshop gani?"

"Photoshop ni Photoshop tu, mkubwa. Chukua na mia nne."

Nilipokifungua, kila ukurasa ulikuwa wa Photoshop Elements. Hiyo ni programu nyingine, ndogo zaidi, iliyoanza mwaka 2001 kwa ajili ya watu wa nyumbani, na menyu zake si zile za Photoshop kamili. Muuzaji yule hakunidanganya. Yeye huuza riwaya, vitabu vya kiada na Biblia, hawezi kuvijua vyote kwa undani. Kukagua ni kazi ya mnunuzi.

Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, ina mtego wa aina hiyohiyo. Mwezi Oktoba 2017 iligawanywa mara mbili: ile ya zamani ya kompyuta ikaitwa Lightroom Classic, na jina "Lightroom" peke yake likabaki kwa programu mpya inayohifadhi picha mtandaoni na kufanya kazi kwenye simu pia. Kitabu kikikuambia ufungue Catalog kisha uende Develop, kinazungumzia Classic. Ikiwa wewe unahariri kwa simu ndani ya matatu, hutaziona kamwe.

Nadra kidogo: mwandishi anatumia Mac na wewe Windows. Akisema Command, bonyeza Ctrl. Akisema Option, bonyeza Alt.

Na kama kitabu ni cha zamani lakini ndicho ulichonacho? Usikitupe. GIMP ya 2.10 kuendelea ukibonyeza mkwaju (/) inakupa kisanduku cha kutafutia amri kwa jina, na Photoshop za karibuni hufanya hivyo kwa Ctrl+F. Andika jina la kitufe kilichotajwa kitabuni, programu ikupeleke kilipohamia.

Simama hapa ikiwa programu yako ni ya kuvunjwa, yaani nakala isiyo halali. Baadhi ya zana, kama Generative Fill iliyoanza kuonekana 2023, hufanya kazi kupitia seva za kampuni. Kwa nakala iliyofungiwa intaneti sura hiyo ya kitabu haitafanya kazi hata ukeshe nayo. Na ikiwa wakati wa kusakinisha uliambiwa uzime kinga ya virusi, acha mara moja. Kama tayari uliizima, kata intaneti, badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine, kisha mpelekee fundi wa kompyuta. Usijaribu kuisafisha mwenyewe kwa programu nyingine ya kuokota. GIMP ipo, ni halali, na inatosha kabisa kujifunzia.

"Nimefuata kila hatua, lakini matokeo ni kinyume"

Dalili hii huvunja moyo kuliko ile ya kwanza, kwa sababu kitufe kipo na umekibonyeza.

Kijana mmoja alikuwa akipunguza picha ya nyanya yake ili iingie kwenye kadi ya mazishi. Kitabu kilimwambia: shikilia Shift huku ukivuta pembe, ili uwiano usiharibike. Akashikilia. Uso wa nyanya ukatanuka kama sinia. Akarudia mara nne, akidhani mkono wake unatetemeka. Mkono ulikuwa sawa. Kuanzia Photoshop CC 2019, iliyotoka Oktoba 2018, kuvuta pembe peke yake ndiko kunakotunza uwiano, na ukishikilia Shift ndipo unapouvunja. Kitabu chake kilikuwa cha 2016. Kilisema kweli ya wakati wake.

Toleo hilohilo lilibadilisha Ctrl+Z. Zamani ukiibonyeza mara ya pili ilikurudishia kile ulichotendua, na kurudi nyuma hatua nyingi kulihitaji Ctrl+Alt+Z. Sasa kila ukibonyeza Ctrl+Z unarudi hatua moja zaidi.

Halafu kuna kuhifadhi. Mwaka 2021 Photoshop iliondoa JPEG kwenye orodha ya Save As kwa picha zenye matabaka, ikaipeleka kwenye Save a Copy. Watu wengi walikuja kwangu wakisema programu imeharibika. GIMP nayo tangu 2.8 huhifadhi kwa faili lake la XCF tu. Ukitaka JPEG ya kumtumia mteja, tumia Export As. Kitabu cha kabla ya 2012 hakiwezi kukuambia hivyo.

Dawa ni penseli. Kila unapogundua tofauti, andika pembeni mwa ukurasa. Kikiwa cha maktaba, tia kikaratasi badala ya kuandika. Baada ya sura tatu hivi tofauti hupungua, kwa sababu ni zilezile zinazojirudia.

"Nyuso za watu zinatoka rangi ya majivu"

Hapa naomba utulie nami kidogo, maana ndipo mteja anapoamua kama atarudi.

Ukaguzi mwepesi ni skrini. Zima ile hali ya usiku inayoipaka skrini rangi ya machungwa. Weka mwangaza katikati, usimame mbele ya laptopu moja kwa moja, kwa kuwa skrini nyingi za bei nafuu hubadilika rangi ukizitazama kwa upande. Kisha fungua picha ileile kwenye simu mbili tofauti. Ikiwa uso ni mzuri kote isipokuwa kwako, tatizo ni skrini yako.

Ikiwa ni mbaya kote, sababu kubwa ni kwamba kitabu kilifundisha ngozi moja tu. Vitabu vingi vya zamani vina kanuni za namba kwa wino za kuchapishia: manjano izidi majenta (waridi kali) kidogo, na sayani (buluu ya kijani) iwe theluthi ya majenta au hata moja ya tano. Namba hizo zilipimwa kwenye ngozi za Wazungu. Ngozi ya kahawia nzito ina sayani na nyeusi nyingi zaidi ya hapo. Ukiilazimisha ifuate kanuni hiyo, unaikamua rangi yake yenyewe, inabaki jivu. Jambo hili lina umri kuliko kompyuta: tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Kwa hiyo usidhani ni wewe hujui. Kipimo chenyewe hakikuwekwa kwa ajili yako.

Sababu ya pili ni picha iliyotiwa giza na kamera yenyewe. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa vitatoa kijivu cha wastani. Shela jeupe likiijaza fremu, kamera hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama. Nyongeza nyingine ni jua la hapa la saa sita, ambalo liko karibu utosini mwaka mzima: paji la uso linameta, macho yamo shimoni. Kitabu kikisema "ongeza mwangaza wa picha nzima", shela litaungua lote kabla uso haujafika.

Nifanyavyo mimi ni hivi. Naweka maski juu ya uso, shingo na mikono, yaani natenga sehemu hizo ili mabadiliko yasiguse pengine. Ndani ya maski hiyo nainua sehemu za mwanga wa kati kwa zana ya mkunjo (Curves), na sehemu angavu za paji na mashavu naziacha palepale, kwa maana mng'ao huo ndio unaoipa ngozi nyeusi uhai na umbo. Ukiinua vivuli peke yake ngozi hupoteza mkolezo, na hapo ndipo majivu yanapozaliwa. Rudisha kidogo tofauti ya mwanga na giza, ongeza joto kidogo, usimame. Usimfanye mtu awe mweupe kuliko alivyo. Mama yake atauliza huyu ni nani.

Sababu ya tatu utaicheka mpaka ikupate: kitabu ni cha fotokopi. Sura ya rangi imechapwa nyeusi na nyeupe, grafu za nyekundu, kijani na bluu zote ni kijivu, nawe unafuata maelezo usiyoweza kuyaona. Kabla ya kulipa, fungua sura ya rangi. Kama haina rangi, rudisha.

Na unapochagua kitabu, nenda moja kwa moja kwenye sura ya picha za watu, uzitazame nyuso. Kama hakuna hata mmoja anayefanana na wateja wako wa Kayole au Lang'ata, kitabu kinaweza kuwa kizuri kwa mengine yote, lakini sura hiyo usiitegemee.

Kazi ikiwa ya bango au albamu ya kuchapishwa, usikisie rangi kwenye laptopu. Mpelekee mtu mwenye skrini iliyosawazishwa, na udai chapa ya majaribio kabla nakala zote hazijatoka.

"Picha za mazoezi hazipo"

Kitabu cha mtumba mara nyingi kilipoteza diski yake zamani, na hata ingekuwepo laptopu yako haina pa kuiingiza. Vya karibuni hukuelekeza kwenye tovuti: jaribu kwanza tovuti ya mchapishaji kwa kutumia ile namba ya ISBN iliyo nyuma ya kitabu. Vingine hudai msimbo ambao mwenye kitabu wa kwanza ameshautumia.

Zikikosekana, jipigie mwenyewe. Soma zoezi, ujiulize picha inahitaji kasoro gani, kisha uitafute jijini. Majengo yanayoinamia nyuma? Simama karibu na mnara wa KICC, elekeza simu juu. Kuhamisha rangi moja bila kugusa nyingine? Mijakaranda ikichanua mwezi Oktoba, zambarau juu ya lami ya kijivu, huhitaji zaidi. Rangi zilizokolea kupita kiasi? Matatu yoyote yenye michoro. Wanaojifunza kwa picha zao wenyewe hukumbuka zaidi, nimeliona hili mara nyingi. Picha za wateja ziache, isipokuwa umepewa ruhusa. Uso wa mtu ni habari yake binafsi, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

"Kompyuta inaganda kila nikifika zoezi la tatu"

Tazama kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kwanza. Photoshop za karibuni zinadai GB 8 kama kiwango cha chini kabisa na zinapendekeza 16. Laptopu ya mtumba yenye 4 haitazibeba. Funga kivinjari, punguza ukubwa wa picha ya zoezi hadi pikseli 2000 kwa upande mrefu, ujaribu tena. Isipokubali, chukua GIMP na kitabu cha GIMP. Diski ikianza kugonga tik-tik, au mashine ikizimika yenyewe kwa joto, acha zoezi, nakili picha zako nje siku hiyo, umwite fundi.

"Nimemaliza kitabu chote, kazi ya mteja bado inanishinda"

Mara nyingi ulinunua kitabu cha rejea ukidhani ni kozi. Cha rejea hueleza kila zana kwa mpangilio wa menyu, kama kamusi. Hakuna aliyejifunza lugha kwa kusoma kamusi kutoka A hadi Z. Sababu ya pili ni kitabu cha mapishi: hatua kumi na mbili za kugeuza maandishi yawe moto, bila kueleza kwa nini hatua ya tano ipo.

Ukiwa dukani, fungua katikati, usome kurasa mbili ukiwa umesimama. Mwandishi anasema *kwa nini* kabla ya *bonyeza*? Picha ya mwanzo na ya mwisho zote zipo? Zoezi linaishia kwenye kitu ambacho mteja angekilipia? Kama majibu ni ndiyo, hiyo ni kozi. Kabla ya kulipa bei ya kitabu kipya, ulizia pia kwenye maktaba: McMillan ya Banda Street, iliyofunguliwa 1931, au Maktaba ya Kitaifa kule Upper Hill. Kukaa na kitabu saa moja mezani kunakuonyesha mengi ambayo jalada halisemi.

Kitabu unacho tayari? Rudia kila zoezi kesho yake, kitabu kimefungwa, kwa picha yako mwenyewe. Utakapokwama ndipo hujaelewa. Fungua hapo tu. Kiingereza kikiwa ndicho kizuizi, weka daftari la maneno. Maneno ya kazi yenyewe ni machache na yanajirudia, na menyu za programu ziache kwa lugha ileile ya kitabu.

"Nimehifadhi juu ya picha asili"

Kitabu kinachofaa anayeanza hukufundisha kufanya kazi kwenye nakala tangu sura ya kwanza. Kama chako kinalisema hilo ukurasa wa 200, umeshachelewa.

Usifunge programu. Faili likiwa bado wazi, Ctrl+Z au paneli ya History inaweza kukurudisha mwanzo kabisa, kisha uhifadhi kwa jina jingine. Ikiwa picha ni ghafi, yaani RAW, na ulihariri kwa Lightroom, tulia: mabadiliko huandikwa pembeni, picha yenyewe haijaguswa, bonyeza Reset. Kisha tazama kadi ya kamera, huenda bado inayo.

Kama kadi ilifutwa, itoe kwenye kamera sasa hivi na usipige hata picha moja zaidi. Kufuta huweka tu alama kwamba nafasi iko wazi; picha zinabaki hadi nyingine zikalie mahali pake. PhotoRec, programu ya bure, huweza kuzirejesha, lakini hakikisha unazihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo.

Kadi isiposomeka kabisa, ikiwa imepasuka au inachemka, acha. Usikubali kompyuta inapokuomba uifomati, usiichomeke mara kumi ukitumaini. Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data, na umweleze kila ulichokijaribu bila kuficha. Mteja naye mpigie siku hiyohiyo kabla kazi ya kuokoa haijaanza, kwa sababu huenda yeye mwenyewe, au shangazi aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na simu mkononi, ana picha unazozililia.